Wimbo Nilioupiga Chapa

Mimi ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu kupata stashahada, na sioni sababu ya kulisema jambo hilo kwa sauti ya chini. Niliondoka Ifakara nikiwa na cheti cha darasa la saba na shati la kaka yangu. Nilikuwa utingo wa lori, nikawa mfagizi wa ghala Morogoro, nikasoma masomo ya jioni huku wenzangu wakicheza bao. Nilifanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikafeli, nikarudia, nikafaulu, mpaka chuo cha uongozi kikanifungulia mlango. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Hakuna padri aliyeniandikia barua. Katikati ya miaka ya tisini niliporudi, nilishuka kwenye treni nikiwa nimevaa tai, na mashine yangu ya taipu nimeikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, kwa sababu sikumwamini mpagazi yeyote.

Nilifungua kibanda karibu na soko. Kwenye ubao wa nje nikaandika kwa rangi nyekundu: BARUA ZA KIOFISI, MAOMBI YA KAZI, MALALAMIKO. Baiskeli zote zilizopita njia ile, na Ifakara ni mji wa baiskeli, zilipunguza mwendo ili wenyewe wasome.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuja siku ya pili. Alikuwa mwanamke mrefu, mkulima wa mpunga, na ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo katika kikundi cha akina mama wa kijijini kwao, upande wa Michenga. Kwa kuwa mimi nimerithi jina la baba yake, hajawahi kuniita kwa jina, aliniita baba. Alisoma ubao taratibu, maana kisomo cha watu wazima kilimkolea.

“Malalamiko,” alisema. “Kwa hiyo mtu akiwa na lake moyoni, analileta hapa?”

“Ndiyo, shangazi. Nalipanga vizuri, nalipiga taipu, linakwenda juu.”

“Likifika huko juu?”

“Linasomwa.”

“Haya, baba. Sisi huwa tunaimba, na anayehusika yupo palepale amekaa, anakula wali wetu.” Akacheka, akaipapasa mashine kwa kidole kimoja kana kwamba anapima joto la uji.

Nilidhani anatania. Kumbe alikuwa na jambo, na jambo lenyewe lilikuwa zito.

Akina mama wa kikundi chake walilima mpunga bondeni, chini kabisa kuelekea mto Kilombero. Asiyelijua bonde letu ataona ajabu. Masika watu huhamia huko na vyungu vyao, wakajenga madungu ya kulindia ndege, wakaishi humo hadi mavuno. Kiangazi hurudi kijijini. Madungu huanguka, majani huchomwa, na mgeni akifika mwezi wa tisa huona uwanda mtupu hadi macho yachoke. Mwaka ule mgeni alifika. Alikuwa mtu wa mjini mwenye matrekta, na aliyemtembeza alikuwa mtendaji wa eneo lile. Sitataja ofisi yake wala kijiji. Wahusika wana wajukuu sasa. Walipigilia vigingi kutoka upande wa barabara mpaka karibu na mto. Halafu ukaandikwa muhtasari wa mkutano ambao hakuna mama hata mmoja aliyeukumbuka, ukisema kwamba eneo hilo li wazi na halina mtumiaji. Ilitangazwa kuwa siku ya kufungua darasa jipya la shule, mgeni rasmi kutoka wilayani angetia saini mbele ya watu wote. Saini ikishawekwa, mashamba ya akina mama ishirini na saba yamekwenda.

Shangazi alitunga wimbo. Waliuimba katika sherehe ya kipaimara, kwa ngoma ya sangula, na mtendaji alikuwepo kama alivyokuwepo katika kila sherehe yenye nyama. Nami nilikuwepo na tai yangu. Wimbo ulikuwa wa Kipogoro, na kwa Kiswahili ulisema hivi: Fisi amepita bondeni mchana, ameona hakuna mtu, amesema hapa si kwa mtu. Fisi, uliza nyasi, nyasi zinatujua. Basi. Hapakuwa na jina la mtu wala cheo. Wanawake waliitikia huku wakimzunguka mtendaji, manyanga yakilia karibu kabisa na masikio yake. Alifanya kile anachopaswa kufanya mtu aliyeimbwa: aliinuka, akacheza hatua tatu, akambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, akaketi. Kwetu ndivyo ilivyo. Neno la ngoma humalizikia ngomani. Uliyeimbwa huwezi kwenda kulishtaki barazani, na aliyeimba hawezi kukukumbusha kesho yake njiani. Lakini umesikia, na kila mtu ameona kwamba umesikia.

Mimi niliona kazi nzuri imeachwa nusu. Nilijiambia: huu ni ujumbe mkubwa, na hapa yupo msomi, kwa nini upotelee kwenye vumbi? Jumatatu asubuhi niliweka karatasi mashineni, na karbon tatu nyuma yake. Niliutafsiri wimbo kwa Kiswahili sanifu. Nikaona fisi hajaeleweka vizuri, nikaandika “fisi aliyevaa suruali”. Bado nikaona msomaji wa wilayani anaweza kubabaika, nikaongeza ubeti wangu mwenyewe, unaosema fisi huyo hulala katika ofisi yenye bendera. Chini nikapiga: Mwimbaji kiongozi, nikaweka jina kamili la shangazi yangu. Chini yake: Umesanifiwa na, nikaweka jina langu na stashahada yangu. Nakala moja ofisi ya mtendaji, moja tarafani, moja ubao wa matangazo wa kijiji, moja nikabaki nayo. Nilizipeleka mwenyewe kwa baiskeli, na ninakiri kwamba nilikuwa nikipiga mluzi.

Wito ulitoka Jumatano. Haukuja kwangu. Ulikwenda kwa shangazi.

Nilimsindikiza. Mtendaji alikuwa amekaa nyuma ya meza, karatasi yangu iko mbele yake, imepigwa mhuri wa kupokelewa. Shangazi alimsalimia, naye akaitikia kwa heshima, akampa kiti. Mimi sikupewa.

“Mama,” alisema, “kule kwenye kipaimara sikusema kitu. Nilicheza, au sikucheza?”

“Ulicheza, tena vizuri. Ila goti la kushoto lilikuwa zito.”

“Nilikutuza, au sikukutuza?”

“Ulinituza.”

“Basi hii ni nini?” Akaiinua karatasi, akasoma kwa sauti ya kutangaza mnada. “‘Fisi aliyevaa suruali.’ Fisi huyu ni nani?”

“Fisi ni fisi, bwana mtendaji. Hata kule Idete wapo.”

“Na suruali?”

“Ya suruali aliongeza baba yangu huyu hapa. Fisi wetu sisi haendi kwa fundi cherehani.”

Mzee mmoja mjumbe, aliyekuwa akingojea zamu yake mlangoni, alikohoa ili asicheke. Mtendaji hakucheka. Alisema wimbo ni wimbo, lakini karatasi ni kielelezo, na kielelezo chenye jina la mtu kinakwenda mahakamani kwa kosa la kumkashifu mtumishi wa serikali. Alisema angeweza kuanza leo. Kwa kuwa yeye ni mtu wa huruma, angelimaliza hapahapa kwa sharti moja. Kikundi kitaimba siku ya mgeni rasmi kama kilivyopangwa, lakini hakitatamka neno lolote lililomo kwenye karatasi ile: si fisi, si bonde, si nyasi. Nyimbo zitakazoimbwa ziandikwe kwenye fomu, yeye azipitishe kwa mhuri. Wakikiuka, shangazi atalala rumande.

“Umeelewa, mama?”

“Nimeelewa.”

Akanigeukia mimi kwa mara ya kwanza. “Na wewe, mheshimiwa stashahada, asante. Umenisaidia kazi.”

Tulitoka. Nilisukuma baiskeli, sikuthubutu kupanda. Nimeshatukanwa na madereva wa malori, nimeshafeli mtihani na jina langu likabandikwa ukutani, lakini sijawahi kujisikia mdogo kama siku ile. Nilikuwa nimechukua kitu ambacho mtu hawezi kukikamata, nikakitengenezea mpini, nikamkabidhi.

“Sema basi,” nilimwambia shangazi. “Nitukane.”

“Nikutukane nipate nini? Kanga yangu imelowa jasho, nataka kufika nyumbani.” Baada ya hatua kadhaa akasema, “Sisi tulikuwa tumempa fisi nafasi ya kusema si yeye. Wewe ukamvisha suruali yake mwenyewe.”

Wengi wangeishia pale. Mimi sikutoka kwenye lori hadi chuoni kwa kuishia njiani. Jioni ile nilimwambia kwamba sirudi mjini mpaka tupate njia, na kama ni rumande tutakwenda wawili. Aliendelea kupepeta mchele.

“Karatasi yako unaikumbuka yote?”

“Neno kwa neno.”

“Wimbo wa kuliitia shamba hodi umo?”

“Haumo.”

“Lipo neno lake lolote humo?”

Nilifikiri. “Hakuna.”

“Haya,” alisema, akapuliza makapi.

Nieleze wimbo huo. Akina mama wale hulimiana kwa zamu: leo shamba la huyu, kesho la yule. Kila mwaka mafuriko hufuta matuta yote, bonde likawa sahani moja. Kwa hiyo kabla jembe la kwanza halijashuka, mwenye shamba husimama pembeni na kuimba alama za mpaka wake, moja baada ya nyingine, na wenzake huitikia. Anayekosea husahihishwa na jirani yake palepale, kwa wimbo. Asiyeitikiwa halimi. Nimeusikia tangu nikiwa nimefungwa mgongoni, na katika miaka yangu yote ya kusoma utawala haikunijia kwamba ule ulikuwa masijala ya ardhi.

Fomu niliijaza mimi, na safari hii nilijizuia. Jina la wimbo: Kuliitia Shamba Hodi. Aina: wimbo wa jadi. Maudhui: kilimo. Mtendaji aliisoma mara moja.

“Kilimo,” alisema. “Hapo sawa. Hiyo ndiyo sera.” Akagonga mhuri.

Siku ya ufunguzi jua lilikuwa kali na turubai lilikuwa moja tu, juu ya wakubwa. Mgeni rasmi, mtu mnene mwenye miwani, alikata utepe, akasifu matofali. Yule mtu wa matrekta alikaa nyuma yake akiwa na kalamu mfukoni. Jalada lilikuwa mezani chini ya chupa ya soda ili upepo usilichukue. Mfawidhi wa sherehe akatangaza ngoma kwanza, halafu makabidhiano.

Waliingia wakiwa na majembe mabegani, ishirini na saba, ngoma zikipigwa taratibu. Shangazi akaanza, nao wakaitikia: Hodi shamba, hodi, tumekuja na majembe. Mgeni rasmi akapiga makofi. Kisha shangazi akasonga mbele, akaimba peke yake, kwa Kiswahili, ili wote waelewe:

Langu linaanza kwenye kichuguu cha kenge, linashuka hadi mkuyu uliopigwa radi. Mama yangu alilima hapo, mimi nalima hapo, watoto wangu watano wamekula hapo.

Hodi shamba, hodi.

Akarudi nyuma, akasonga mwingine. Langu limepakana na lake. Tumetenganishwa na mfereji aliouchimba mume wangu, Mungu amlaze. Maji yakiufukia, nauchimba upya.

Wa tatu alikuwa binti aliyeolewa mwaka huo. Langu nilipewa na bibi. Kona yake ni pale ulipozikwa mtumbwi mbovu wa babu.

Wa nne alikuwa mfupi na mwenye mdomo. Langu ni dogo, nikilala miguu inatokea kwa jirani, naye ananitekenya. Watu wakavunjika mbavu, hata mgeni rasmi.

Lakini kufikia wa nane hakuwa akicheka tena. Alikuwa amevua miwani. Aliinama kwa mtendaji, nami nilikuwa nimesimama karibu na nguzo ya turubai, nikasikia.

“Haya mashamba yako wapi?”

“Ni nyimbo tu za mila, mheshimiwa.”

“Nimeuliza yako wapi.”

Mtendaji alimpa ishara mfawidhi, mfawidhi akainua kipaza sauti kusema asanteni sana akina mama. Shangazi hakusimamisha miguu. Alikwenda mpaka mbele ya meza, akapiga goti kwa adabu.

“Shikamoo, mheshimiwa. Bado kumi na tisa. Ukitukatiza hapa, hawa watakuwa hawana mpaka.”

“Marahaba, mama,” alisema mgeni rasmi. “Wamalizie.”

Walimalizia wote. Mkono wa mtu wa matrekta ulikuwa umeshatoka kwenye kalamu. Mgeni rasmi aliinua chupa ya soda, akalifungua jalada, akasoma ukurasa wa kwanza midomo ikichezacheza. Akauliza kwa sauti iliyosikika hadi nyuma:

“Mama, huo mkuyu uliopigwa radi upo kweli?”

“Upo, mheshimiwa. Ila mimi sina uwezo wa kuung’oa nikuletee hapa.”

Alilifunga jalada. Hakutia saini. Alisema keshokutwa atakwenda kuuona mwenyewe.

Alikuja kweli, nami nilimheshimu kwa hilo. Gari liliishia pale udongo ulipoanza kuwa laini, tukaendelea kwa miguu. Mkuyu ulikuwepo, mweusi upande mmoja. Kichuguu kilikuwepo, na kigingi kilikuwa kimepigiliwa juu yake hasa. Kwenye kona ya yule binti, mgeni rasmi aliagiza pachimbwe. Jembe la tano liligonga kitu, na ubao wa mtumbwi ukatoka ukiwa umeoza, una tope, na bado una tundu la kufungia kamba. Mtu wa matrekta alisema yeye alionyeshwa majani tu. Nadhani alisema kweli. Mtendaji alikuwa akitazama mto.

“Nahitaji kitu cha maandishi,” alisema mgeni rasmi.

“Yupo anayeandika,” alisema shangazi. “Baba, andika. Lakini andika tunachosema, usituvishe kitu.”

Niliandika nikiwa nimesimama, kitabu juu ya mkono, kila alama kama ilivyoimbwa. Nikisema mwenyewe, sijaona hati iliyo safi kuliko ile. Mgeni rasmi aliisaini ukurasa kwa ukurasa, akaamuru vigingi ving’olewe.

Hatukupata kila kitu. Upande wa barabara, trekta lilikuwa limeshapita siku kadhaa kabla. Alama za akina mama watatu zilikuwa zimegeuzwa pamoja na udongo: kisiki, jiwe, shimo la zamani. Waliimba, lakini hapakuwa na cha kuonyesha. Mgeni rasmi alisema kwa hao hana la kufanya, akapanda gari.

Wale watatu walibaki wamesimama juu ya matuta ya trekta. Mmoja wao alianza kulia, na mama mwenye mdomo akamwambia, “Nyamaza wewe, machozi hayaoteshi mpunga.” Halafu shangazi akavua ndala, akasimama kwenye mpaka wake, akahesabu hatua kumi kuingia ndani ya shamba lake mwenyewe, akachomeka jembe. “Kuanzia hapa ni kwako,” akamwambia yule aliyelia. Jirani yake akafanya hivyo. Na wa pili yake. Kufikia saa nane mchana kila mmoja alikuwa amesogea, mipaka yote ya bonde lile imebadilika, na wale watatu walikuwa na mahali.

Ndipo ilipobidi wimbo wote uimbwe upya. Walikaa chini kwenye majani makavu, wakaanza kufundishana alama mpya mmoja mmoja, wakibishana, wakirudia. Nilikuwa nimeketi pembeni nikipiga mstari wa mwisho kitabuni, shangazi akanigeukia.

“Wewe umeshamaliza kuandika?”

“Nimemaliza.”

“Simama uimbe. Mimi sitaishi milele, na karatasi yako inaweza kuliwa na mchwa. Anza kwa huyu.”

Mbele ya wanawake ishirini na saba, na stashahada yangu, nilisimama. Nilianza na shamba la yule aliyekuwa akilia. Nilisema mfereji badala ya kichuguu, hakuna aliyeitikia. Nilirudia, nikakosea hatua. Kimya, na mama mwenye mdomo akaniuliza kama chuoni walinifundisha kuhesabu. Nikatazama chini, nikazitafuta alama kwa macho badala ya kitabu, nikaimba mara ya tatu.

Wakaitikia.